Mara 84

Tarehe 8 Juni 2011, katika mahakama mjini Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani, raia 12 walioteuliwa kuamua kesi ya mauaji waliisikia namba 84. Aliyeitaja ni John Bradley, aliyewahi kuwa askari polisi nchini Kanada kabla ya kugeukia utengenezaji wa programu za uchunguzi. Programu yake, CacheBack, ilikuwa imechambua kumbukumbu za kompyuta ya nyumbani kwa kina Casey Anthony, na ripoti yake ilisema kwamba ukurasa mmoja wa intaneti unaoeleza habari za kloroformi ulifunguliwa mara 84.

Caylee, mtoto wa Casey, alikuwa hajatimiza miaka mitatu alipoonekana mara ya mwisho Juni 2008. Mabaki yake yalipatikana Desemba mwaka huohuo. Waendesha mashtaka walikuwa wameomba adhabu ya kifo, na walikuwa wakijenga hoja kwamba mauaji hayo yalipangwa tangu mapema. Mtu akifungua ukurasa wa kloroformi mara moja, pengine alikuwa anapita tu. Akiufungua mara 84, huyo ana jambo lake moyoni. Namba ile ilijieleza yenyewe, na hakuna aliyehitaji elimu ya kompyuta ili kuielewa.

Haikuwa kweli. Ukurasa ule ulifunguliwa mara moja.

Nakieleza kisa hiki kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi ya kuokoa data na uchunguzi wa kidijitali, na kwa ajili ya mawakili, mahakimu na askari wanaopokea ripoti za kazi hiyo zikiwa zimechapwa vizuri, zina jedwali, zina nembo juu. Nakieleza kwa sababu kosa lenyewe halikuhitaji maabara ya kifahari ili kulibaini. Mtu yeyote anayeujua muundo wa faili lililobeba kumbukumbu zile, akilifungua kwa programu inayoonyesha baiti na kulisoma kwa utulivu, angeliona.

Kila kilichomo ndani ya diski, iwe picha ya harusi, barua ya benki au wimbo wa taarabu, ni mfululizo wa baiti. Baiti moja hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Watu wa kazi hii huziandika baiti kwa mfumo wa heksadesimali, wenye tarakimu 16: 0 hadi 9, kisha A hadi F. Kwa njia hiyo kila baiti hutosha katika tarakimu mbili tu, kuanzia 00 hadi FF. Programu ya kusomea na kuhariri baiti, ambayo mafundi huiita heksi edita, hugawa skrini sehemu tatu: kushoto kuna anwani ya mahali baiti ilipo, katikati baiti zenyewe, na kulia herufi zinazolingana nazo pale zinapolingana. WinHex, ya Ujerumani, inajulikana sana miongoni mwa wachunguzi. HxD hutolewa bure. 010 Editor hupendwa na wale wanaochambua miundo ya mafaili.

Anayeiona skrini hiyo mara ya kwanza hukata tamaa. Akivumilia, jicho huanza kutambua sura. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF na kuishia na FF D9. Faili la PDF huanza na 25 50 44 46. Faili la ZIP, pamoja na nyaraka za Word za siku hizi ambazo ndani yake ni ZIP tu, huanza na 50 4B, yaani herufi PK, kifupi cha jina la Phil Katz aliyeubuni muundo huo. Ndiyo maana fundi anaweza kutoa picha katika memori kadi ambayo simu inadai ni tupu. Hatafuti majina ya mafaili, kwani huenda majina hayapo tena. Anatafuta FF D8 FF.

Tena, kufuta faili mara nyingi si kuliondoa. Katika mfumo wa FAT, unaotumika kwenye flashi na memori kadi nyingi, kompyuta hubadilisha baiti ya kwanza ya jina la faili kuwa E5, kisha huandika kwamba nafasi iliyokuwa ya faili hilo sasa iko huru. Yaliyomo hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. (Diski za SSD zinazotumia amri ya TRIM ni habari nyingine, humo kilichofutwa kinaweza kutoweka kabisa kabla fundi hajaiona diski.)

Huko Orlando, kumbukumbu za kurasa zilizofunguliwa kwa kivinjari cha Firefox zilikuwa zimefutwa. Wachunguzi wa ofisi ya sherifu wa kaunti ya Orange walilitafuta neno "chloroform" katika diski nzima, hata katika nafasi ambazo mfumo ulizihesabu kuwa huru, na wakalikuta. Kwa heksi edita, neno hilo ni baiti kumi: 63 68 6C 6F 72 6F 66 6F 72 6D. Mama yake Casey alikuja kueleza mahakamani kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitafuta habari za klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na huko ndiko alikofikia kloroformi. Upande wa mashtaka ulimpinga. Siingii katika ubishi huo. Nataja tu kwamba katika Kiingereza maneno hayo mawili yanalingana kwa baiti sita za mwanzo, na baiti ya saba ndiyo inayoyatenganisha: 66 kwa kloroformi, 70 kwa klorofili. Hicho ndicho kiwango cha umakini ambacho kazi hii inataka.

Faili lililofufuliwa lilikuwa la muundo unaoitwa Mork. Firefox iliurithi kutoka enzi za Netscape na Mozilla, na waandishi wa programu hawakuupenda kamwe. Jamie Zawinski, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa Netscape, aliushutumu hadharani kwa maneno makali, hata ikambidi aandike programu yake mwenyewe ya kuusoma.

Ugumu wa Mork ni huu: anwani ya ukurasa haikai kando ya hesabu ya mara ulizofunguliwa. Anwani huwekwa katika orodha yake, kila moja na namba yake ya heksadesimali. Kisha mahali pengine ndani ya faili, pengine mbali, safu ya ukurasa huo hutaja namba tu. Fikiria daftari la mkopo la mwenye duka ambaye kurasa za mbele ameandika majina ya wateja na namba zao, na kurasa za nyuma ameandika madeni kwa namba pekee. Ukiteleza mstari mmoja, deni la Mama Asha linamwangukia Mzee Juma, na daftari linabaki safi, bila kufutwafutwa, bila dalili yoyote kwamba kuna aliyedhulumiwa.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo zaidi na la hatari zaidi. Firefox ya wakati ule haikuandika hesabu yoyote pale ukurasa ulipofunguliwa mara moja tu. Safu ya ukurasa wa namna hiyo ilikuwa na namba ya anwani, ilikuwa na saa na tarehe, lakini mahali pa hesabu hapakuwa na kitu. Anayeujua muundo huo hulisoma pengo lile kuwa moja. Programu ambayo haikuelekezwa hivyo inaweza kuliziba pengo kwa chochote.

Wachunguzi walikuwa na matokeo ya programu mbili. NetAnalysis, iliyotengenezwa Uingereza, ilisoma faili lile na kusema: ukurasa wa kloroformi, mara 1, ukurasa wa MySpace, ule mtandao wa kijamii uliotamba kabla ya Facebook, mara 84. CacheBack, iliyotumika baadaye, ilisema: kloroformi, mara 84. Faili lilikuwa lilelile na baiti zilezile. Ripoti mbili zikawa zinapingana katika jambo lililogusa uhai wa mtu, na kesi ikaendelea.

Hapo naomba tukae kidogo, maana ndipo palipo na funzo lote.

Mchunguzi mwenye ripoti mbili zinazopingana hasaidiwi na programu ya tatu. Ya tatu ikikubaliana na mojawapo, atakuwa ameitisha kura tu, na baiti zitakuwa bado hazijasomwa. Anachotakiwa kufanya ni kuifungua nakala ya diski kwa heksi edita na kwenda kwenye anwani ambapo neno lilikutwa. Hapo atainakili namba iliyopewa anwani ya ukurasa ule, kisha ataitafuta namba hiyo katika safu. Akiipata safu, aisome yote, kuanzia mabano yanayofungua hadi mabano yanayofunga, na ajiulize safu hii inasema nini kuhusu hesabu. Kama haina hesabu, aandike kwamba haina, na aeleze katika muundo huu kukosekana kwa hesabu kuna maana gani na amejuaje.

Akimaliza, aitafute 84 yenyewe. Na hapo pia awe macho, kwa kuwa namba moja inaweza kuvaa sura zaidi ya moja. Ikihifadhiwa kama thamani ndani ya baiti moja, 84 huonekana 54. Ikiandikwa kama maandishi, tarakimu baada ya tarakimu, huwa baiti mbili, 38 34. Mork ni muundo wa maandishi, kwa hiyo humo hutafutwa 38 34. Akishaipata, airudie njia kinyumenyume: kutoka hesabu hadi safu, kutoka safu hadi namba, kutoka namba hadi anwani ya ukurasa. Angefika MySpace.

Kazi hiyo inachosha macho, lakini si kazi ya miezi. Na ikishafanywa, shahidi anaweza kusimama kizimbani na kusema: katika nakala hii, kwenye anwani hii, pana baiti hizi, mtaalamu wa upande wa pili naye aifungue nakala yake aone kama atakuta tofauti. Neno la namna hiyo halitegemei sifa za shahidi wala jina la programu yake. Kila upande unaweza kulipima.

Najua kwa nini halifanyiki kila siku. Diski ya terabaiti moja ina baiti trilioni moja. Hakuna binadamu atakayezisoma, na anayedai zisomwe zote haijui kazi. Ofisi za uchunguzi zina foleni za kompyuta na simu zinazosubiri, na programu zinazotoa jedwali kwa kubofya mara moja zimewaokoa watu wengi kutoka katika utumwa wa tarakimu. Sizilaumu. Ninachosema ni kwamba katika kila jalada huwa kuna namba moja, au tarehe moja, au sentensi moja iliyofutwa, ambayo hukumu nzima inaiegemea. Hiyo lazima isomwe kwa macho ya mtu, pale ilipo, katika baiti zake. Ukiwa na ripoti ya kurasa 400, huenda ni mistari mitatu tu inayohitaji hivyo. Kuitambua mistari hiyo mitatu ndiyo kazi anayolipwa mtaalamu.

Sasa nimtendee haki Bradley, kwa sababu kisa hiki kingeweza kuishia pabaya zaidi. Wakili wa utetezi, José Baez, aliuliza maswali juu ya tofauti kati ya ripoti hizo mbili. Baada ya kutoa ushahidi, Bradley alirudi kwenye data ghafi, akairekebisha programu yake, na jibu likatoka: mara moja. Mwezi huohuo wa Juni, kesi ikiwa bado haijaamuliwa, aliwaarifu waendesha mashtaka na ofisi ya sherifu. Julai, gazeti la New York Times lilipochapisha habari hizo, yeye ndiye aliyesema kwamba waamuzi hawakuelezwa na kumbukumbu za mahakama hazikusahihishwa. Waendesha mashtaka kwa upande wao walieleza kwamba utetezi ulijulishwa. Kwa vyovyote, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kibiashara ya kunyamaza hakunyamaza. Katika fani ambayo jina la programu ndilo riziki ya mwenyewe, hilo ni jambo la kuheshimiwa sana.

Tarehe 5 Julai 2011 waamuzi walimwona Casey Anthony hana hatia ya mauaji. Walimtia hatiani kwa kuwadanganya polisi. Wapo watakaosema basi, namba ile haikumdhuru mtu. Siwezi kukubaliana nao. Kama waamuzi wale wangeegemea upande wa pili, 84 ingekuwa miongoni mwa nguzo za hukumu ya kifo, na nguzo hiyo ilikuwa hewa. Tena namba ya uongo huudhuru hata upande unaoitumia: ikibomoka mbele ya watu, hubomoa pamoja nayo ushahidi wa kweli uliowekwa kando yake. Mtoto aliyekufa alistahili uchunguzi ambao hakuna sehemu yake ingeanguka kwa kusukumwa.

Na uchunguzi ule ulikuwa na kosa la pili, ambalo lilijulikana baada ya kesi kwisha. Novemba 2012 ofisi ya sherifu ilikiri kwamba kulikuwa na utafutaji ambao haikuuona. Tarehe 16 Juni 2008, siku ambayo Caylee alionekana mara ya mwisho, kuna mtu aliyetumia kompyuta ile kutafuta kupitia Firefox habari za kumkosesha mtu pumzi. Wachunguzi walikuwa wamechukua kumbukumbu za kivinjari kingine, Internet Explorer, za siku hiyo, zisizofika hata 20, na kuziacha kumbukumbu za Firefox zaidi ya 1,200. Nani alikuwa amekaa mbele ya kibodi, baiti hazisemi, na mahakama ilikuwa imeshaamua.

Yaweke makosa hayo mawili pamoja. Jambo lililotokea mara moja lilitangazwa kuwa limetokea mara 84, na jambo jingine lililokuwamo ndani ya mashine ileile halikutangazwa kabisa. Moja lilizidishwa, jingine likaachwa, na sababu ni ileile: watu waliangalia kile ambacho chombo kiliwaonyesha, wakadhani ndicho kilichomo. Mchunguzi anayeanza kazi kwa kuiangalia diski yenyewe, sehemu zake, vivinjari vilivyomo, mafaili yanayoonekana na yasiyoonekana, hujua kabla ya kubofya chochote kwamba nyumba ile ina milango miwili.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo hata heksi edita haiwezi kulitibu, nalo ni la zamani zaidi. Mwaka 1996 mahakama ya shirikisho huko Colorado ilitoa uamuzi katika shauri la Gates Rubber dhidi ya Bando Chemical Industries. Gates, watengenezaji wa mikanda ya mashine, walidai kwamba Bando walinufaika na programu zao zilizoibwa. Wakapata ruhusa ya kuichunguza kompyuta ya Bando iliyokuwa Denver. Mtaalamu wa Gates alifika, na ili kufufua mafaili yaliyofutwa, akanakili programu ya kufufua mafaili ndani ya diski ileile aliyokuja kuichunguza. Programu hiyo ilihitaji mahali pa kukaa. Ikakaa katika nafasi huru, yaani juu ya yaleyale aliyokuwa anayatafuta. Mahakama ilikubali kwamba kati ya asilimia 7 na 8 ya data ambazo zingeweza kupatikana ziliharibiwa, bila mpangilio, hivyo hakuna ambaye angejua kilichopotea ni nini. Mtaalamu wa upande wa pili alieleza kwamba ilipasa kwanza kuchukua nakala kamili ya diski, baiti kwa baiti, na mahakama ikaona hivyo: mtu anayekusanya ushahidi anawajibika kutumia njia itakayotoa matokeo kamili na sahihi zaidi.

Kosa hilo la Denver linafanyika leo katika vibanda vya simu na kompyuta Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na kila mahali penye watu wenye haraka. Mteja ameleta laptopu yenye picha za mama yake aliyefariki; amezifuta kwa bahati mbaya. Kijana, kwa nia njema kabisa, anawasha laptopu, anaingia intaneti, anapakua programu ya kuokoa data, anaiweka humohumo, anaiendesha, na picha zinazookolewa anazihifadhi humohumo. Kila hatua imeandika juu ya nafasi huru. Hata kule kuwasha tu kumeandika mengi, maana Windows haikai kimya: inaandika kumbukumbu, inahifadhi mafaili ya muda, inajisasisha. Kama picha zilikuwa 300 na zimerudi 190, mteja atashukuru, na hatajua kwamba zile nyingine ziliuawa na mkono uliokuwa unaziokoa.

Njia sahihi haina uchawi. Diski itolewe, iunganishwe kwenye mashine nyingine kupitia kifaa kinachozuia uandishi, inakiliwe yote hata sehemu zinazodaiwa kuwa tupu. Baada ya kunakili, nakala na diski zikokotolewe heshi, kwa mfano SHA-256, ambayo hutoa mstari wa tarakimu 64 za heksadesimali. Baiti moja ikibadilika popote, mstari mzima hubadilika. Mistari ikilingana, diski inafungiwa kabatini na kazi inafanyika kwenye nakala. Kwa simu, ambazo nyingi haziwezi kufunguliwa diski zake hivi, kazi ni ngumu zaidi na kila mguso uandikwe: nani, saa ngapi, kwa kifaa gani.

Na heksi edita yenyewe iogopwe kwa kiasi chake, kwa sababu inasoma na pia inaandika. Sekta ya kwanza ya diski nyingi, baiti 512, huishia na 55 AA. Fundi akikuta diski isiyofunguka haina alama hiyo, atashawishika kuziandika baiti hizo mbili palepale, juu ya diski ya mteja, aone kama itafunguka. Huenda ikafunguka. Lakini huenda pia jedwali la sehemu za diski lililo juu ya baiti hizo limeharibika, Windows ikaisoma diski nusunusu, ikapendekeza kuiformati, na mtu mwingine akabofya kukubali. Programu nyingi za aina hii zina hali ya kusoma tu. Kijana anayeanza aiwashe hali hiyo na aiache hivyo, na siku atakapohitaji kuandika, aandike kwenye nakala ya nakala.

Kwetu, haya yana uzito wa kisheria pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama izingatie kama njia iliyotumika kuzalisha, kuhifadhi au kuwasilisha data ni ya kuaminika, na kama ukamilifu wake ulilindwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi kumbukumbu ya kielektroniki ilivyotolewa na kifaa kilichohusika, kikiwa kimetiwa sahihi na mtu mwenye dhamana. Ni masharti mazuri. Hofu yangu ni kwamba yanaweza kutimizwa kwa karatasi. Cheti kinaweza kueleza kwa uaminifu kabisa kwamba programu fulani iliendeshwa kwenye kompyuta fulani na kutoa jedwali hili, na jedwali lenyewe likawa na 84 mahali pa 1. CacheBack haikuwa programu ya kichochoroni. Iliandikwa na mtu aliyeijua kazi ya polisi, na mashahidi waliamini walichokisema. Wakili anayekubali kiambatisho cha ripoti bila kuomba nakala ya diski na heshi yake amemwacha mteja wake mikononi mwa mwandishi wa programu ambaye hajawahi kumwona.

Mork umeshapita. Firefox 3, iliyotolewa tarehe 17 Juni 2008, iliachana nao na kuhamia SQLite, muundo ambao leo umo pia ndani ya Chrome na ndani ya WhatsApp ya kwenye simu zetu. Faili la SQLite hutambulika kwa mwanzo wake, 53 51 4C 69 74 65, na lina mitego yake. Ujumbe uliofutwa unaweza kubaki katika kurasa zake zilizoachwa huru, au katika faili la kando linaloshika mabadiliko kabla hayajaingizwa; programu moja ya uchunguzi huzisoma sehemu hizo, nyingine huzipita. Saa nazo hutofautiana: Firefox huhesabu mikrosekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, Chrome huhesabu mikrosekunde tangu 1 Januari 1601. Kwa hiyo ripoti inaposema kwamba ukurasa fulani ulifunguliwa saa 3:40 usiku, swali la kumuuliza shahidi ni baiti nane za saa hiyo ziko kwenye anwani gani ya nakala, amezihesabu kuanzia mwaka upi, na kama saa hiyo ni ya Afrika Mashariki au ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu.